Chumba Chenye Kiti Kimoja

Duluth, Minnesota
Jumanne alasiri, Februari

Mpendwa Dada Elvi,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini zitawakuta wewe na shemeji Ray mmekaa barazani, jua la Tucson likiwapiga migongoni. Magoti ya shemeji yanaendeleaje? Mwambie asijaribu tena kupanda juu ya paa, hata kama fundi hapatikani. Sisi huku tunapumua. Ziwa limeganda mpaka mbali mwaka huu, meli za madini zimelala bandarini, na gari la kusukuma theluji limelibeba tena sanduku langu la barua pamoja na nguzo yake. Kama uliniandikia mwezi huu na sijakujibu, basi barua yako iko chini ya theluji mahali fulani, tutaisoma barafu ikiyeyuka.

Ile ya Krismasi niliipata, pamoja na zile pipi za ndimu ambazo Darlene amezificha hata mimi sijui wapi. Ndani yake uliuliza kwa utani mbona siku hizi sikuchoshi tena na habari za spika zangu, kama nimepona au nimekufa. Nimeanza kukujibu mara nyingi nikachana. Leo nimekaa niandike mpaka mwisho, nawe unisamehe kama itakuwa ndefu. Huku hakuna mtu ninayeweza kumwambia.

Wewe ulihama kabla sijakigeuza chumba cha mbele, kwa hiyo umekisikia tu kwa watu wanaokicheka. Nikueleze kilivyo. Kuta nimezifunika kwa sufu nzito ili sauti isirudi rudi. Spika ni mbili, ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza, nilizitengeneza mwenyewe kwa mbao za mti wa betula kutoka kwenye shamba la baba. Amplifaya ni ya zamani, ya taa za kioo, zinazowaka rangi ya chungwa na kukipasha chumba joto kidogo. Mashine ya santuri nimeilaza juu ya bamba la jiwe, ili mtu akitembea sindano isitetemeke. Na kiti ni kimoja. Watu hudhani ni uchoyo. Sivyo, dada. Sauti za spika mbili hukutana mahali pamoja tu. Ukisogea kidogo kushoto, mwimbaji aliyekuwa amesimama katikati ya chumba anaingia ndani ya sanduku la kushoto na kufunga mlango.

Ni vigumu kumweleza mtu asiyeisikia. Ninayo santuri ya mwanamke mmoja aliyerekodiwa kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Ukikaa kwenye kiti kile unaweza kunyoosha kidole mahali ulipo mdomo wake. Kuna mahali anageuza shingo kumtazama mpiga piano, na sauti yake inageuka naye. Alifanya hivyo mara moja tu maishani mwake, siku ile, na bado anafanya hapa kwangu, Duluth, theluji ikianguka. Mimi nilitaka mtu mmoja tu aketi pale aniambie, “Ndiyo, amegeuka.”

Sikumpata. Gordy, yule niliyefanya naye kazi kwenye reli ya madini mpaka tukastaafu, nilimkalisha pale siku moja nikamwekea santuri hiyo. Alifumba macho. Alitulia kabisa, mpaka nikaanza kuona aibu kwa jinsi moyo ulivyokuwa ukinienda mbio. Upande wa santuri ulipokwisha akafumbua macho akasema, “Sauti ipo. Sasa mechi inaanza saa ngapi?” Mwanetu Curtis yeye hutumbukiza simu yake ndani ya kikombe ili ivume. Akaniambia, “Baba, kikombe kinatosha.” Wenzangu wakienda kuvua samaki kwenye vibanda vya barafuni, mimi nikikosekana, wanasema Vern amebaki kusikiliza waya. Sina kinyongo nao. Ni watu wema, wakija kula kwetu wanakula vizuri na kukaa muda mrefu. Ila wanaongea juu ya muziki kama watu wanaoongea juu ya friji inayonguruma.

Darlene naye hakuwa mtu wa mashine. Unajua aliendesha basi la shule mpaka mgongo ukamshinda. Alikuwa akirudi nyumbani masikio yamejaa kelele za watoto, na mke mwingine angedai nyumba iwe kimya. Yeye hakudai. Nilipomwomba chumba cha mbele alihamisha kabati la vyombo la mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Akaniambia, “Piga tu, Vern. Zako angalau hazitapiki kwenye viti.” Hakuwa akiingia. Alikuwa akiniletea kahawa na mkate wa iliki mpaka mlangoni, anaviweka kwenye stuli, anarudi jikoni, na baada ya muda namsikia huko akiuimba wimbo uleule niliokuwa nikiupiga. Muziki wake yeye ulikuwa wa kuimba. Alisimama kwenye kwaya ya kanisa tangu alipokuwa msichana, sauti ya pili, karibu na jirani yetu Bernice. Mimi nilipenda kusikiliza, yeye alipenda kuimba, na mlango ulikuwa wazi baina yetu. Niliona inatosha.

Habari za kiharusi chake unazijua, na lile blanketi ulilotuma bado analitumia. Tulikuandikia kwamba amepona vizuri, na ni kweli. Mdomo umenyooka, anaongea kama zamani, mguu wa kushoto unaburuta kidogo na anatembelea fimbo. Kuna jambo moja hatukukuandikia, kwa sababu yeye hakutaka lijulikane.

Jumapili ya kwanza aliyorudi kanisani, watu walimkumbatia mpaka nikaogopa watamwangusha. Alitaka akae nami kwanza, kwenye kwaya atarudi akipata nguvu. Kinanda kilipoanza nikahisi ameushika mkono wa koti langu kwa nguvu. Nikamtazama, uso umekuwa mweupe kabisa. Nilidhani kiharusi kimerudi. Akainuka na fimbo yake akatoka nje katikati ya wimbo, watu wote wakitazama, nami nikamfuata. Tulisimama kwenye maegesho, upepo wa ziwani ukitupiga. Akaniuliza, “Wamekifanya nini kinanda?” Nikamwambia kinanda ni kilekile. Akasema, “Hapana. Kimeharibika. Na watu nao wameharibika.”

Daktari wake, mama mmoja kijana mwenye subira, alitueleza kwamba ugonjwa huo una jina refu na si wa masikio. Kuna mahali kichwani panapozishona noti pamoja zikawa wimbo, na kwake pamechanika. Maneno atayasikia vizuri, ndege atawasikia, birika likichemka atalisikia. Muziki peke yake ndio utakaomfikia vipande vipande. Kwa wengine hurudi, kwa wengine haurudi. Darlene alimuuliza kama anaweza kuimba hata kama hasikii vizuri. Daktari akamwambia ajaribu. Alijaribu ndani ya gari tukirudi nyumbani. Aliimba mstari mmoja, akanyamaza, akaniomba nifungue redio, kituo cha habari.

Hapo ndipo mimi nikaingiwa na wazimu wangu, dada. Miaka yote nimeamini kwamba mtu asiyesikia ni mtu ambaye hajapewa sauti nzuri. Nikasema moyoni kile kinanda cha kanisa ni kibovu siku zote, na redio ya gari ni kopo la maharage. Kama kuna sauti duniani itakayoweza kupita kwenye ule mpasuko na kumfikia Darlene, iko kwenye chumba changu. Nilijiona kama mtu aliyekuwa akijiandaa maisha yake yote bila kujua anajiandaa kwa kazi gani.

Nikamwomba akae kwenye kile kiti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa pale. Kila siku baada ya chakula cha mchana nilimkalisha, nami nikasimama nyuma yake. Nilianza na piano peke yake, kisha fidla kubwa peke yake, kisha sauti moja ya mtu bila chombo. Nikasogeza spika, nikabadilisha taa za amplifaya, nikapunguza besi, nikaongeza. Kila siku nilimuuliza inakuwaje. Siku ya kwanza alisema hajui. Siku nyingine akasema, “Hiyo kidogo afadhali.” Dada, niliruka kama mtoto. Nikampigia Curtis simu kumwambia mama yake anaanza kusikia. Akaniambia taratibu, “Baba, usimchoshe.” Nilimkasirikia. Niliona ni yuleyule wa kikombe, atajua nini.

Majira yote ya baridi ya mwaka jana yalikwenda hivyo, na yeye akizidi kusema afadhali, afadhali. Mwisho nikaitoa ile santuri ya kwaya yao wenyewe, waliyorekodi kanisani miaka ile, iliyouzwa kwenye mnada wa keki. Nilikuwa siipigi kwa sababu aliyerekodi aliweka maikrofoni vibaya. Niliiosha, nikaibembeleza sindano mpaka ikakaa sawasawa. Ilipoanza, kwaya nzima ilikuwa mle chumbani. Niliweza kuona nani amesimama wapi. Darlene alikuwa safu ya pili, kushoto kwa Bernice, akivuta pumzi kabla ya wenzake kama alivyozoea. Sijawahi kusikia kitu kama kile maishani mwangu. Nikazunguka nimtazame uso, nikaona machozi yanamtiririka.

Nikapiga magoti mbele yake nikamuuliza kama anajisikia mle ndani.

Akangoja mpaka santuri ikaisha. Kisha akaniambia, “Vern, ni kama mtu anamwaga droo la vijiko kwenye sinki. Anaviokota, anavimwaga tena. Tangu siku ya kwanza ni hivyohivyo.”

Nikamuuliza mbona basi alikuwa akisema afadhali.

“Kwa sababu ulikuwa unafurahi,” akasema. “Na mimi sasa sina kingine cha kukupa.”

Nilipomsaidia kuinuka niliona mahali alipokuwa akiweka mikono. Kitambaa cha kiti kilikuwa kimetoboka pande zote mbili, kwa kucha.

Nikazima kila kitu nikafunika mashine kwa shuka. Sikuwasha tena. Niliona hilo ndilo jambo dogo kabisa ninaloweza kumfanyia. Lakini unamjua Darlene. Wiki chache baadaye aliiona ile shuka akakasirika kweli, kama alivyokuwa akikasirika na watoto waliosimama basi likienda. Alisema kiharusi kimemchukulia kwaya, sasa anataka kujua kama yeye naye anakuwa kiharusi changu. Alisema hatakubali kuwa sababu ya nyumba hii kuwa bubu. Nikamwambia ninaweza kutumia hedifoni. Akakataa, akasema ananijua, siku zote nimesema hedifoni ni kula chakula kupitia mrija, na zaidi ya hayo akianguka jikoni nitamsikiaje. Akapanga mwenyewe. Kila siku baada ya chakula cha mchana atavuka uani kwenda kwa Bernice kucheza karata. Mimi nitabaki nipige muziki wangu kwa sauti ninayotaka, na akirudi nimwambie nimesikiliza nini.

Dada, huyu ni mtu anayetembea kwa fimbo. Kutoka mlango wetu wa nyuma mpaka kwa Bernice ni barafu tupu karibu nusu ya mwaka, hata nimwage chumvi kiasi gani. Nilikataa. Akavaa viatu vyake vya theluji akatoka.

Siku hiyo ya kwanza nikaitoa shuka. Nikamweka yule mwanamke wa zamani, nikakaa kwenye kiti, nikafumba macho. Akaimba. Alisimama palepale anaposimama siku zote. Shingo akaigeuza, nikasikia amegeuka. Nilisikia kila kitu, mpaka mlio wa kiti cha mpiga piano. Na sikuhisi lolote. Ilikuwa kama kusoma majina kwenye kitabu cha simu. Nikasema labda ni uchovu. Kesho yake nikajaribu nyingine, na kesho yake nyingine, zile nilizokuwa nikizihifadhi kwa siku za huzuni kubwa. Kila moja ilikuwa sahihi na kila moja ilikuwa imekufa. Na kila ikipanda juu, mikono yangu ilikuwa ikienda yenyewe kwenye yale matundu ya kitambaa, vidole vikaingia palipoingia vyake. Nilimtesa mke wangu majira mazima ya baridi kwa kitu hiki hiki, Elvi, huku nikisimama nyuma ya kiti chake nikitabasamu.

Nilikwenda kupimwa masikio. Yule mpimaji alinipongeza, akasema ni masikio ya mtu mdogo kuliko mimi. Nilitamani angekuta kitu.

Nilijaribu kumwambia Gordy. Nilianza kwenda naye barafuni asubuhi, kwa sababu nyumbani sikuwa na la kufanya, na kila mtu akafurahi. Walisema Vern amerudi kwa watu. Tulikuwa tumekaa kwenye kibanda chake, jiko linawaka, nyuzi zimeshuka kwenye tundu, hakuna samaki. Nikamwambia, “Gordy, muziki umenitoka. Nausikia, lakini haumo tena.” Akanimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa, akanipa, akasema, “Basi karibu kwetu, ndugu yangu. Na sisi ndivyo tunavyousikia.” Alisema kwa upendo. Alinipigapiga goti. Hapa mtu akifiwa na mbwa majirani humletea bakuli la viazi na nyama la kuoka, wanakaa naye, wanamsikiliza akielezea mbwa alivyokuwa. Mimi nilitazama lile tundu la barafu nikaelewa kwamba hakuna atakayekuja kwangu na bakuli, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mbwa wangu.

Darlene sikumwambia. Ningemwambiaje? Kwamba kila siku anavuka ile barafu kwa ajili ya kitu ambacho hakipo? Kwamba amenipa kitu pekee alichobaki nacho na mimi sina pa kukiweka? Bernice aliniambia siku moja kwenye duka la vyakula kwamba wakicheza karata, Darlene hutazama saa na kusema, “Sasa hivi Vern yuko katikati kabisa.” Bernice alisema anavyolisema hilo ungedhani amempeleka mtoto chuo kikuu.

Kwa hiyo nafanya hivi. Akishatoka nawasha taa za amplifaya. Naweka santuri na kuiacha izunguke, sindano ikiwa juu. Nakaa kwenye kiti. Akirudi, akishavua viatu, anauliza leo ilikuwa nini, nami namwambia. Namwelezea. Nasema leo ilikuwa piano, ya mtu anayecheza kama anayeshuka ngazi gizani akipapasa ukuta. Nasema leo ilikuwa kwaya, ilianza chini sana kama ukungu ukitoka ziwani. Anakaa kwenye stuli ya jikoni na koti lake bado mwilini, ananitazama mdomo, na uso wake unakuwa kama wa mtu anayekula baada ya kufunga. Mara nyingine anauliza maswali. Aliniuliza juzi, “Na sauti ya pili walikuwa wapi?” Nikamwambia walikuwa upande wa kushoto, chini ya wengine wote, wamewabeba. Akatikisa kichwa kukubali, akainuka akaanza kumenya viazi. Maisha yangu yote niliwaeleza watu wa hapa muziki niliousikia kweli na hakuna aliyenisikiliza. Sasa nina msikilizaji mmoja asiyechoka, na yote ninayomwambia ni uongo.

Sasa nikuambie la Alhamisi iliyopita, maana ndilo lililonifanya nisiichane barua hii.

Bernice aliamka na mafua, akamrudisha Darlene mlangoni asije akamwambukiza. Sikusikia mlango wa nyuma. Nilikuwa nimekaa vilevile, macho nimefumba, taa zinawaka, santuri inazunguka. Nilipoyafumbua alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha chumba, kofia kichwani, theluji mabegani, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine umeshika fremu ya mlango. Anaitazama santuri inavyozunguka. Hakuwa ameziba masikio.

Akasema polepole, “Vern. Hakuna vijiko.”

Sikuelewa mara moja. Akapiga hatua moja ndani, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mtoto mchanga aliyelala. Akarudia, “Hakuna vijiko, Vern. Kimya kabisa. Ni mwanzo wake? Ndivyo muziki unavyoanza kurudi?”

Sijauona uso wake vile tangu Curtis alipozaliwa. Nilikuwa na muda wa pumzi moja, Elvi. Ningeweza kumwambia yote. Ningeweza kumwambia hata mimi sina kitu, njoo tukae wote wawili kwenye kimya hiki, ni chetu sote. Nadhani mke wangu ni mtu ambaye angeweza kulibeba. Lakini hapo hapo angejua pia ni tangu lini, na kwa sababu gani, na kila mara aliyovuka ile barafu ingegeuka bure nyuma yake.

Nikamwambia, “Sindano iko juu, mama. Nilikuwa nabadilisha santuri.”

Niliona ule uso ukijifunga taratibu, kama anavyofunga pazia la jikoni jioni. Kisha akaniomba radhi. Aliniomba radhi kwa kunikatiza, dada. Akasema Bernice ana mafua, lakini nisijali, mimi niendelee, muda wangu bado haujaisha. Nikamwambia akae, leo inatosha. Akasema hapana, siku moja ikivunjwa zote zitavunjika. Akachukua funguo kwenye ndoano akatoka tena.

Nilimwona kupitia dirisha. Alikwenda akaketi kwenye gari, pale nje mbele ya gereji, akaliwasha apate joto. Nilikuwa namwona kisogo, na ile kofia nyekundu uliyomfumia, mpaka vioo vikapata mvuke nikawa simwoni tena. Nami nilifanya nini? Sikumfuata. Nilisimama nyuma ya pazia ndani ya nyumba iliyo kimya, nikangoja muda ambao upande mmoja wa santuri huchukua. Halafu nikangoja muda wa upande wa pili, ili aamini. Ndipo nikavaa koti nikaenda kumgongea kioo. Akakishusha kidogo. Pua ilikuwa nyekundu, na redio ilikuwa ikisoma habari za hali ya hewa.

Akaniuliza ilikuwaje. Nikamwambia ilikuwa nzuri, nzuri kuliko ya jana. Akanishika vidole kupitia ule upenyo wa kioo, akasema anashukuru Mungu kwamba mmoja wetu bado anao.

Hiyo ndiyo habari ya spika zangu. Uliuliza kwa utani nami nimekujibu hivi, unisamehe. Sikuombi ushauri. Nakuomba tu kwamba ukimpigia simu Jumapili naye akakwambia Vern amerudi kwenye muziki wake, ufurahi naye. Mwambie niliwahi kukuandikia hivyo.

Msalimie sana shemeji Ray, na yule jirani yenu mwenye kasuku. Curtis anawasalimu, anasema masika huenda akaja huko na mkewe. Darlene angekusalimu mwenyewe, lakini yuko kwa Bernice, aliyepona mafua. Ninakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kile kiti, karatasi juu ya goti, taa zinawaka. Kupitia mlango ulio wazi na dirisha la jikoni naona mlango wa Bernice umefunguka, na Darlene anajifunga skafu. Atachukua muda kuvuka, barafu ya leo ni mbaya. Ngoja niifunge barua hapa, nipate kufikiri leo nimesikiliza nini.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Vern